Kuvuta karavani kutoka Port Augusta hadi Coober Pedy: siku moja, kilomita 540

Kila likizo za shule za mwezi wa saba zinapokaribia, wasikilizaji wetu hutuuliza swali lile lile: je, familia isiyo na uzoefu inaweza kukodi karavani na kwenda kuiona nyika ya Australia? Kwa miaka tumekuwa tukijibu "ndiyo, mkijiandaa vizuri." Lilikuwa jibu la watu waliokaa studio. Safari hii tulikwenda wenyewe, na makala hii inaeleza tulichojifunza kwenye kipande kimoja cha barabara ya Stuart Highway, kutoka Port Augusta hadi Coober Pedy, Australia Kusini.

Tulikuwa watano: wafanyakazi wawili wa kipindi, dereva mmoja aliyewahi kuendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kabla ya kuhamia Adelaide, na mama mmoja mzaliwa wa Bukavu pamoja na kijana wake wa miaka 14. Sote tulimwita Mama, na baadaye mtaona kwa nini tulipaswa kumsikiliza mapema zaidi.

Karavani si msafara

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno la Kiingereza caravan huleta picha ya msafara: wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mizigo kichwani na mabegani. Australia nayo ilikuwa na misafara yake. Mwishoni mwa mwaka 1865 meli ilishusha ngamia zaidi ya 100 hapo hapo Port Augusta, pamoja na wachungaji wao Waislamu kutoka maeneo ambayo leo ni Afghanistan, Pakistan na India. Wote waliitwa "Waafghani," bila kujali walikotoka. Kwa miongo kadhaa wao ndio waliopeleka chakula, nguzo za simu na hata maji katikati ya bara hili. Treni maarufu ya The Ghan, inayotoka Adelaide hadi Darwin, imebeba jina lao.

Siku hizi karavani ni chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari: vitanda, jiko la gesi, friji, sinki na tangi la maji. Wengi wanaoyavuta ni wastaafu, ambao huzunguka nchi kwa miezi. Familia za wahamiaji ni chache barabarani, kwa sababu ya gharama na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kuzieleza mambo haya yanavyokwenda.

Mizani kabla ya safari

Leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta karavani. Hilo huwafurahisha wengi, na hapo ndipo kosa la kwanza huanzia, maana sheria haiangalii leseni peke yake. Inaangalia uzito.

Kila karavani lina kibandiko cha chuma chenye namba mbili muhimu: uzito likiwa tupu, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa likiwa limepakiwa kila kitu. Letu lilikuwa na kilo 1,650 tupu na kilo 2,000 kikomo. Ukitoa, unabaki na kilo 350. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kuhesabu. Tangi la maji likijaa ni lita 80, yaani kilo 80. Mitungi miwili ya gesi ni karibu kilo 40. Zimebaki 230 za chakula, matandiko, viti, nguo na vyombo vya watu watano.

Dereva wetu, kwa mazoea ya malori, alisisitiza tupite mizani ya umma kabla ya kutoka Adelaide. Tulikuwa tumezidisha kilo 90. Jenereta lilishuka, jiko la mkaa likashuka, na baada ya mabishano mafupi gunia la unga wa mahindi la kilo 25 nalo likabaki. Ukizidisha uzito, polisi wanaweza kukutoza faini, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa.

Namna mzigo ulivyopangwa nayo ina uzito wake. Vitu vizito hukaa chini, karibu na ekseli, na kwa kawaida karibu asilimia 10 ya uzito wote wa karavani iegemee kwenye mpira wa kuvutia nyuma ya gari. Ukirundika mizigo nyuma kabisa, mkia huanza kuyumba, kwanza polepole, kisha kwa nguvu hata gari la mbele likaburutwa. Likianza kuyumba usikanyage breki ya gari kwa ghafla wala usizungushe usukani. Achia mafuta, kisha bonyeza taratibu breki ya mkono ya karavani iliyo kwenye dashibodi, ili karavani ndilo lipunguze mwendo na kulinyoosha gari. Tulifanya mazoezi hayo kwenye uwanja mtupu na tunashauri kila familia ifanye hivyo.

Saa mbili asubuhi, Port Augusta

Port Augusta uko kwenye ncha ya juu ya ghuba ya Spencer, karibu kilomita 300 kutoka Adelaide. Barabara ya kwenda Perth inaelekea magharibi, ya kwenda Darwin inaelekea kaskazini. Ukitaka kununua vipuri, dawa au mboga mbichi, nunua hapa. Huko mbele maduka ni machache na bei inapanda.

Tuliondoka saa mbili asubuhi ingawa kila mtu alikuwa tayari saa kumi na mbili. Mwezi wa saba jua huchomoza baada ya saa moja, na kangaruu na emu hutembea zaidi alfajiri na jioni. Kangaruu mkubwa akigongwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa anaweza kuvunja rejeta na kuimaliza safari. Mikataba mingi ya kukodi magari inakataza kabisa kuendesha usiku nje ya miji. Kwa hiyo siku ya safari huku ni fupi: tulikuwa na takriban saa kumi za mwanga, na kilomita 540 kwa mwendo wa 90 ni saa sita bila kusimama popote.

Hesabu ya mafuta nayo hubadilika. Gari letu la dizeli hutumia karibu lita 11 kwa kilomita 100 likiwa peke yake. Likivuta karavani lilitumia 18. Kwa kilomita 540 hiyo ni zaidi ya lita 97, na tangi letu ni la lita 80. Haiwezekani kufika bila kujaza njiani, na upepo wa mbele ukivuma hesabu huwa mbaya zaidi. Vituo ni viwili tu vya kutegemea: Pimba, karibu kilomita 175 kutoka Port Augusta, na Glendambo, karibu 113 mbele yake. Baada ya Glendambo hakuna mafuta kwa kilomita 254. Siku hiyo hiyo ya safari, piga simu uulize kama pampu inafanya kazi. Vituo vya nyikani hufungwa, hubadilisha wenyewe, au huishiwa.

Kupishana na malori

Kaskazini ya Port Augusta utakutana na malori yanayovuta matela matatu, urefu wake hadi mita 53.5. Dereva wetu alicheka alipoliona la kwanza, akasema hilo ukilipeleka mlima Kitonga, utingo ataomba kushuka. Hapa barabara ni tambarare na imenyooka, na lori hilo linakwenda.

Usijaribu kulipita ukiwa na karavani mpaka uone barabara tupu kwa umbali mrefu kuliko unavyodhani unatosha. Likikupita wewe, shika njia yako na mwendo wako, usitoke kwenye lami. Likishafika ubavuni, punguza kidogo limalize haraka. Upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta.

Redio ya UHF ni kifaa ambacho familia nyingi hukiacha kwa kuona ni cha madereva wa malori. Nunueni au mkodi moja. Malori huzungumza kwenye chaneli 40, wenye karavani kwenye 18, na chaneli 5 na 35 ni za dharura. Ukisema kwa ufupi "nimekuona, pita," dereva wa nyuma anajua hujalala. Usihofu lafudhi yako. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Woomera

Kutoka Pimba, kilomita chache nje ya barabara kuu, kuna Woomera. Mji huu ulijengwa kuanzia 1947 kwa majaribio ya roketi na makombora ya Uingereza na Australia, na jina lake ni neno la Waaborijini wa eneo la Sydney, maana yake kifaa cha kurushia mkuki. Satelaiti ya kwanza ya Australia, WRESAT, ilirushwa kutoka hapa mwaka 1967. Roketi za zamani zimepangwa kwenye bustani ya wazi, na kijana wetu hakutaka kuondoka.

Barabara kuu inapita ndani ya eneo la kijeshi la zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Ukibaki kwenye barabara huna tatizo, lakini kuchepuka kwenye njia za vumbi kunahitaji kibali. Hata sehemu zisizo za jeshi si ardhi isiyo na mwenyewe. Ni nchi ya Wakokatha, na mbele zaidi ya Waantakirinja Matu-Yankunytjatjara, ambao haki yao ya asili ya ardhi kuzunguka Coober Pedy ilitambuliwa na mahakama mwaka 2011. Uzio usiouona haimaanishi umekaribishwa.

Kuna historia nyingine hapa ambayo vipeperushi vya watalii huipita haraka. Kuanzia 1999 hadi 2003 Woomera ilikuwa na kituo cha kuwazuilia waomba hifadhi, wengi wao kutoka Afghanistan, Iraq na Iran, wakiwemo watoto. Kulikuwa na maandamano na migomo ya kula, na watu walishona midomo yao. Mama, ambaye aliishi miaka tisa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Australia, alisimama akitazama tambarare ile kwa muda mrefu. Alisema kambini kwao angalau palikuwa na miti na soko. Hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza.

Ziwa la chumvi na mji wa nzi

Kama kilomita 40 baada ya Pimba kuna maegesho ya kupumzikia kando ya Lake Hart. Kwa mbali unadhani ni maji; ukishuka unakuta ni chumvi nyeupe hadi upeo wa macho. Reli inapita kati ya maegesho na ziwa na treni za mizigo ni ndefu, kwa hiyo shikeni watoto mkono. Tulikaa dakika 25, tukanywa chai. Kanuni ni kupumzika kila baada ya saa mbili, na tuliiona ya kuchosha mpaka tulipogundua kwamba barabara iliyonyooka inalaza akili hata macho yakiwa wazi.

Glendambo tulifika saa saba. Bango lake ni maarufu: linataja kondoo 22,500, nzi takriban milioni mbili, na watu 30. Tulijaza mafuta mpaka shingoni mwa tangi, baada ya kufunga gesi ya friji, jambo la lazima unapoingia kituoni na ambalo mgeni husahau.

Kilomita 100 baada ya Glendambo

Ilikuwa yapata saa nane na nusu. Dereva alihisi usukani unavutwa kushoto, na kwenye kioo tukaona vipande vyeusi vikiruka. Tairi la kushoto la karavani lilikuwa limepasuka. Aliachia mafuta, akatumia breki ya karavani, akaegesha kwenye ukingo mpana.

Kilichofuata ni mfululizo wa mambo madogo ambayo yangeweza kuwa makubwa. Jeki ilikuwa ya gari na haikufika chini ya fremu ya karavani. Spana ya magurudumu haikuingia kwenye nati za karavani, kwa maana kampuni iliyotukodisha iliweka ya saizi nyingine. Na ukanda wa tairi ulipochanika ulikuwa umekata bomba la plastiki la tangi la maji. Lita 80 zote ziliishia kwenye vumbi jekundu kabla hatujajua kinachodondoka.

Simu zetu hazikuwa na mtandao. Dharura ingekuwa kubwa tungewasha kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada, ambacho hukodishwa kwa bei isiyo kubwa, lakini kifaa hicho ni cha kuokoa maisha, hakiitwi kwa pancha. Kanuni ya nyika ni moja na haina hiari: usiliache gari. Gari linaonekana kutoka angani na barabarani. Mtu anayetembea haonekani, na watu wamekufa kwa kiu kilomita chache kutoka magari yao. Kwetu ilikuwa majira ya baridi, nyuzi 19. Mwezi wa kwanza mahali hapo hapo panaweza kufika nyuzi 45.

Hapo ndipo Mama alipofungua buti. Asubuhi alikuwa amepakia madumu mawili ya lita 20, tukamtania kwamba maji tunayo tangini na kilo ni za kuhesabu. "Tangi ni la karavani," alikuwa amejibu. "Madumu ni ya watu." Kwa makadirio ya lita 10 kwa mtu kwa siku, tangi likiwa tupu, madumu hayo yangetutosha siku moja isiyo kamili. Bila hayo tungekuwa na chupa mbili za nusu lita.

Tuliita kwenye chaneli 40, kisha 18. Baada ya karibu nusu saa karavani lililotoka kaskazini lilisimama, likiendeshwa na mzee na mkewe waliotoka Darwin. Bibi ndiye aliyeshuka na spana ya msalaba na jeki fupi ya chupa. Aliangalia tairi letu, akatuonyesha namba nne zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lilikuwa na umri wa miaka tisa. Lilikuwa na meno mazuri, kwa sababu karavani hukaa limeegeshwa muda mrefu, lakini mpira ulikuwa umezeeka juani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka uwanjani mwa mwenye karavani, someni namba hizo kwenye matairi yote pamoja na la akiba, na mlegeze na kukaza nati moja kwa spana mliyopewa, kwa jeki mliyopewa. Ni kazi ya dakika kumi. Tairi likishabadilishwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi.

Tuliondoka saa kumi kasoro dakika 20, tukiwa na kilomita 154 mbele na jua linalozama kabla ya saa kumi na mbili.

Uwanja wa ndege barabarani

Kwenye barabara hii kuna sehemu ambapo lami inapanuka ghafla na kuchorwa mistari minene myeupe. Ni viwanja vya dharura vya madaktari wa kuruka, Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanzishwa 1928 huko Cloncurry, Queensland, na mchungaji John Flynn. Ndege hutua barabarani, polisi wakifunga magari pande zote mbili. Usiegeshe hapo kamwe, hata kwa picha. Ukipiga 000, jua ulipo: soma namba ya kilomita kwenye vibao vya pembeni, maana "katikati ya Glendambo na Coober Pedy" ni eneo refu mno.

Coober Pedy kabla ya giza

Vichuguu vya udongo mweupe vilianza kuonekana saa kumi na moja na dakika kumi, maelfu yake, kama vya mchwa. Kila kimoja ni kifusi cha shimo la kutafuta opali. Jiwe hilo lilipatikana hapa tarehe 1 Februari 1915 na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyekuwa na baba yake wakitafuta dhahabu. Kijana wetu alipenda umri huo. Jina la mji linatokana na maneno ya wenyeji, kupa piti, ambayo kwa kawaida hutafsiriwa "shimo la mzungu."

Wakazi hawafiki 2,000, na wengi huishi ndani ya vilima vilivyochimbwa, ambamo joto hubaki kati ya nyuzi 23 na 25 mwaka mzima. Kuna makanisa, hoteli na hata sehemu za kupiga hema chini ya ardhi. Mashimo ya zamani hayakufukiwa, mengi hayana uzio, na mabango yanaonya usirudi nyuma unapopiga picha. Watoto wasizurure peke yao.

Katika mji huu pia waliishi wazee wa kike wa Kupa Piti Kungka Tjuta, waliopinga mpango wa serikali wa kutupa taka za nyuklia kwenye ardhi yao hadi ukaachwa mwaka 2004. Walikuwa na sababu: Uingereza ililipua mabomu ya atomiki Emu Field mwaka 1953, magharibi mwa hapa, na familia za Waaborijini zilieleza ukungu mweusi uliowafunika. Yami Lester, aliyekuwa mtoto wakati huo na baadaye akapofuka, aliisimulia habari hiyo maisha yake yote na kusaidia kuleta tume ya uchunguzi ya miaka ya 1984 na 1985.

Maji ya mji huvutwa kutoka kisima cha zaidi ya kilomita 20, husafishwa chumvi, na msafiri huyanunua kwa sarafu kwenye mashine. Tulipoegesha ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Dereva aliziba bomba kwa mpira na waya, Mama akamimina kilichobaki kwenye dumu la kwanza ndani ya sufuria ya ugali, na sisi tukaenda kutafuta sarafu. Kituo cha mafuta cha Marla kiko takriban kilomita 235 kaskazini, na fundi wa matairi hufungua saa mbili asubuhi.